Nibebe, au Bodi Ndefu ya Bi Tam

Khiem hakuwa na duka, hakuwa na ofisi, hakuwa hata na meza. Alichokuwa nacho ni pua ya kunusa mtu anayetaka kudanganywa, na kwa dalali wa magari hapa Bien Hoa huo ni mtaji tosha. Asubuhi ile alikuwa kijiweni anakunywa kahawa ya barafu, ya kununuliwa na mwingine kama kawaida yake, pua ikaanza kazi.

Ng'ambo ya barabara, Bi Tam, mkandarasi wa vyumba vya kupangisha, alikuwa amepiga magoti mbele ya bampa la pikapu. Ilikuwa tarehe kumi na sita ya kalenda ya mwezi, siku ambayo kila mfanyabiashara wetu huwasha ubani kuomba heri, kwa hiyo kupiga magoti si ajabu. Bi Tam alikuwa ameliandalia gari nyama ya nguruwe ya kuchemsha, yai, kamba mmoja mnene wa baharini, na sigara iliyokwisha kuwashwa, maana miungu ya barabarani nayo ina starehe zake. Ajabu ni kwamba alikuwa anaomba huku analia.

"Mkandarasi anayelilia gari," Khiem alijisemea, "huyo ananiita mimi."

Halafu akaliangalia gari lenyewe, na kahawa akaisahau. Lilikuwa kuukuu, la kabini moja, rangi yake imebaki kwa heshima tu. Lakini bodi! Bodi ilianza mgongoni mwa dereva ikaenda, ikaenda, ikaendelea kwenda. Ndani yake zilikuwa zimelala karatasi za povu gumu za dari na mabomba ya plastiki, na mlango wa nyuma umefungwa kabisa, hakuna kilichochungulia nje. Khiem alihisi mapenzi.

Ili mtu aelewe mapenzi hayo, lazima ajue aibu aliyokuwa nayo Khiem nyumbani. Alikuwa anaishi kwa wakwe. Baba mkwe wake, Mzee Chin, fundi marumaru mwenye mgongo mbovu na hasira nzima, alikuwa amempa fedha za kununua pikapu ya kazi. Kabla ya kupanda basi kwenda Ca Mau kwenye karamu ya kumbukumbu ya kifo cha shemeji yake, alimshika bega.

"Nataka bodi ndefu. Plaiwudi ilale, mlango ufungwe. Sema: ndefu."

"Ndefu, baba."

"Sema tena."

"Ndefu."

Akaenda akanunua fupi. Rafiki yake alikuwa na pikapu ya milango minne, nyeusi, inang'aa, viti vya ngozi, kiyoyozi cha kugandisha samaki, na kamisheni kidogo kwa dalali atakayeiondoa. Dalali akaiondoa kwa kujiuzia mwenyewe, na kamisheni akaila. Bodi yake ilikuwa mita moja na nusu, inatosha ndoo tatu na mbwa asiyependa kujinyoosha.

Mkewe, Thoa, aliizunguka mara moja tu. "Marumaru zitakaa wapi? Mapajani mwako?"

"Mke wangu, hii ni ya kisasa."

"Baba anarudi Jumapili. Jumatatu anaanza kazi ya hoteli kule Trang Bom, hoteli nzima, kazi ambayo ameisubiri tangu nikiwa shule. Akikuta hili sanduku la manukato hapa, mimi begi lako nitakuwa nimeshalipanga. Utalala kwa mama yako."

Mama yake Khiem alikuwa na chumba kimoja, bata kumi na moja na ulimi. Khiem hakutaka kulala huko. Ndiyo maana asubuhi ile, alipoona bodi ya Bi Tam, alimeza barafu iliyobaki, akachukua tepu yake ya kupimia na kuvuka barabara na uso wa msiba.

Tepu yenyewe ilikuwa ya Lo Ban, mlezi wa maseremala, kama tepu zote za mafundi wetu. Ina namba za kawaida, na chini ya namba ina maneno: mekundu ya heri, meusi ya balaa, yanapokezana kila baada ya vidole vichache mpaka mwisho. Hapa kwetu mlango haukatwi, kitanda hakiundwi, na maiti hazikwi mpaka kipimo kiangukie kwenye wekundu. Watu wenye shahada za uhandisi huchora nyumba kwa kompyuta, halafu usiku huja na tepu kuona kama choo kimeangukia Mali au Msiba.

"Shikamoo, shangazi Tam."

"Marahaba, mwanangu." Bi Tam alijifuta macho kwa kanga ya shingoni. "Kama unataka kuniuzia kitu, leo nina uchungu."

"Shangazi, mimi na kuuza wapi na wapi? Nimekuona unalia, roho ikaniuma. Biashara inakwenda vibaya?"

"Vibaya? Inatambaa. Wafanyakazi wananikimbia, jirani amenishtaki kwa ajili ya ukuta, saruji ya juzi imeloa mvua."

Tukumbuke kwamba Bi Tam alikuwa akilipa wafanyakazi kwa tabasamu, kwamba ukuta wenyewe aliujenga kwenye kiwanja cha huyo jirani, na kwamba saruji iliyoachwa nje mwezi wa mvua huwa haina la kufanya ila kuloa. Khiem hakutaka kumsumbua kwa mambo hayo madogo.

"Shangazi, hii bodi umeipima?"

"Nimepima mlango, nimepima jiko, nimepima kaburi la marehemu. Gari sijapima. Gari nalo linapimwa?"

Khiem alifumba macho, kama daktari anayetafuta namna ya kusema. "Kitu kinachobeba riziki yako ndicho hujakipima?"

Akapanda bodini. Kulabu ya tepu akaibana chini ya kidole gumba, akaivuta mpaka mlango wa nyuma, akasogeza kidole kidogo, akasogeza tena. Hii ndiyo siri nzima ya elimu ile: wekundu na weusi havipishani hata kiganja, kwa hiyo mwenye kidole gumba kizuri hakosi anachokitafuta.

"Njoo usome mwenyewe, shangazi. Macho yangu yanakataa."

Bi Tam alichungulia. "Kesi," akasoma. Mkono ukaenda kifuani. "Mama yangu! Kesi!"

"Na hapo pembeni, nyeusi nyingine?"

"Kuibiwa."

"Umesoma wewe, sijasoma mimi."

Bi Tam alikaa chini kwenye ndoo. Kisha akamwangalia Khiem mkononi. "Hicho kidole kinaumwa? Umekibana sana."

"Kiliungua jikoni, shangazi."

"Pole sana. Vidole vitunze, ndiyo maisha." Akapenga kamasi. "Sasa nitafanyaje? Gari lenye Kesi nani atalichukua?"

Hapo ndipo Khiem alipoanza kupiga soga mpaka ubani ukazimika wenyewe. Alisema yeye ana pikapu moja, haiuzwi, ameinunulia familia, lakini bodi yake imeangukia Mali, tena katikati kabisa ya Mali. Alisema ameshindwa kulala kwa kufikiri kwamba heri kubwa namna ile inakaa kwa mtu mdogo kama yeye. Alisema angekuwa na shangazi wa damu angempa yeye. Kufika saa nne pikapu nyeusi ilikuwa imesimama uani, kiyoyozi kinanguruma, na tepu, kwa msaada wa kidole kilichoungua, inasoma Mali.

"Nyekundu kweli," Bi Tam alikubali. "Lakini mwanangu, hii bodi kama sahani ya keki. Mimi ni mjenzi. Plaiwudi yangu ilale wapi?"

"Shangazi, samahani, nani anabeba plaiwudi siku hizi? Kibarua! Duka linaleta, nondo zinaletwa, mchanga unaletwa na mwenye mchanga. Mkandarasi mwenyewe anabeba nini? Anabeba wateja. Wewe ukimchukua mwenye kiwanja kutoka Saigon ukamkalisha kwenye kabini moja, magoti yapo mdomoni, jasho linamtoka, atakupa kazi? Mkalishe kwenye ngozi, mpulizie baridi. Nyuma kofia mbili ngumu na ramani, basi. Bodi ndefu ni ya mtu anayebeba. Bodi fupi ni ya mtu anayebebewa."

Bi Tam alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Maneno yako matamu. Lakini hili gari ni la marehemu mume wangu. Aliliongeza... alilipenda mno." Akaanza kulia upya. "Nikilitoa, atanitokea ndotoni."

Khiem alikuwa amepanga kuomba nyongeza. Bodi ndefu kuukuu kwa gari jipya la ngozi, hata mtoto angeomba nyongeza. Lakini mwanamke akilia mbele ya ubani, dalali anaombaje? Na Jumapili ilikuwa inakuja. Akasema wabadilishane hivi hivi, gari kwa gari. Bi Tam akalia zaidi. Akasema aongezewe tairi jipya la akiba. Akaongezewa. Akasema marehemu alikuwa anapenda bia. Kreti likaja, kwa ajili ya marehemu. Alipokuwa ameshashika funguo aligeuka tena, machozi yapo tayari.

"Na hiyo tepu, mwanangu. Uniachie kama kumbukumbu. Tepu yenye ukweli namna hiyo sijawahi kuiona."

Khiem aliitoa kwa moyo mkunjufu. Mtu aliyekwisha kuibeba nyumba hasumbuliwi na ufunguo. Wakaandikiana mbele ya mashahidi, akaliwasha gari la bodi ndefu, akalijaribu mpaka darajani na kurudi. Lilikwenda vizuri ajabu, jepesi, usukani laini. Tupu lilikwenda vizuri.

Kabla hajaondoka aliwasikia vibarua wawili uani wanacheka, mmoja anasema, "Nibebe anaondoka!" Khiem akadhani wanamtania mtu wao.

Nyumbani Thoa alitoka na mwiko mkononi. Aliita jirani wakashikilia mlango wa mbao, wakaulaza bodini, wakafunga nyuma. Ukalala na nafasi ikabaki. Kisha Thoa mwenyewe akapanda, akajilaza chali, akanyoosha mikono juu ya kichwa, bado ncha za vidole hazijagusa bati.

"Umelipata wapi?"

"Mume wako ana akili, basi tu hujaamua kuitumia."

"Mwenye nalo yuko salama? Hujamliza mtu?"

"Amelia kidogo. Kwa furaha."

Siku ile Khiem alipikiwa mchuzi mchachu wa kambare na akapewa kichwa cha samaki, heshima ambayo tangu aoe alikuwa anaiona kwenye bakuli la mwingine. Mzee Chin aliporudi Jumapili na mzigo wake wa samaki wakavu, alilizunguka gari polepole. Kuinama hawezi, kwa hiyo hakuinama. Akapiga teke tairi. Akapiga kofi bodi.

"Ndefu," akasema.

"Ndefu, baba."

Hizo ndizo sifa ndefu kuliko zote alizowahi kumpa mkwe wake. Khiem alilala akitabasamu.

Jumatatu wapakiaji wakaja na marumaru za hoteli, maboksi mazito ya sakafu. Mzee Chin alielekeza yapangwe kuanzia nyuma, ili shehena ya saruji ikae mbele baadaye. Khiem akajitolea kuendesha, kitu ambacho hajawahi kujitolea, kwa sababu mtaa mzima ulikuwa nje na alitaka uone nani ameleta gari. Akaketi, akavaa miwani ya jua, akaweka kiwiko dirishani.

Boksi likaingia, gari likaugua. Maboksi mengine yakaingia. Khiem alikuwa anaangalia barabara. Punde akawa anaangalia paa la jirani. Hakuelewa. Likaja boksi lingine, akawa anaangalia nyaya za umeme, kisha nguo za ndani za mtu zilizoanikwa ghorofani, kisha mawingu, mengi, mazuri. Magurudumu ya mbele yalikuwa hewani. Mlango wa nyuma ulikuwa umekaa chini barabarani na marumaru zinateleza moja moja kuusalimia mtaa.

"Baba!" Khiem alipiga kelele kutoka huko juu. "Baba, linapaa!"

Wapakiaji walikuwa wameshakaa chini kwa kicheko. "Yallah, ni Nibebe!" mmoja akasema, huku anajipiga paja. "Mzee Chin, umenunua Nibebe wa Bi Tam?"

"Nibebe ndiyo nini?"

"Gari la Bi Tam, mzee! Mumewe aliliongezea bodi kwa nyuma, ili plaiwudi ipate kulala. Ukiliwekea kitu kizito linainua mikono kama mtoto anayetaka kubebwa. Vibarua wote wanalijua. Yeye analibebesha povu na mabomba ya plastiki tu, tena kwa kuombaomba."

Mzee Chin, ambaye mgongo wake haukuwa umeinama tangu mwaka juzi, aliinama. Akaona mshono wa kuchomelea, mnene, unapita chini ya bodi kutoka upande hadi upande. Aliinuka bila kumwangalia mtu. Thoa naye hakumwangalia mtu. Aliingia ndani, na Khiem, aliyekuwa bado anateremka kutoka mawinguni, alisikia kabati linafunguliwa na zipu ya begi inavutwa.

Akakimbia. Hakusimama mpaka uani kwa Bi Tam.

Bi Tam alikuwa kwenye pikapu nyeusi, vioo vimepandishwa, anakunywa maji ya miwa. Kiti cha nyuma alikaa bwana mnene wa Saigon mwenye ramani mapajani, anapulizwa baridi, anatabasamu. Kioo kikashuka vidole viwili.

"Shangazi, umenitapeli!"

"Mimi?" Bi Tam alishangaa kwa uaminifu mkubwa. "Mwanangu, nani alivuka barabara? Nani alisema yake haiuzwi? Mimi nilikuwa zangu kwenye ibada."

"Nilikuona unalililia lile gari! Unaliombea!"

"Naliombea, ndiyo. Mwaka wa tatu naliombea kila tarehe kumi na sita, lipate mtu wa kulichukua. Siku ile niliongeza kamba, kamba wenyewe bei yao si unaijua. Sijamaliza kusema amina nikakuona na tepu." Aliteremka, akafunga mlango taratibu ili mteja asisikie. "Nikasema, haya, majibu."

"Ulisema marehemu alilipenda!"

"Nilisema aliliongeza, nikajisahihisha. Wewe ungesikiliza ungeuliza. Lakini ulikuwa unatazama kidole chako." Akatoa ile tepu mfukoni, akaibana kulabu chini ya kidole gumba, akasogeza, akasogeza tena. Haraka, bila kuangalia. "Kiliungua jikoni, eh? Mimi nilikuwa naunguza hiki kabla mama yako hajaolewa. Milango yote ya vyumba vyangu ni saizi moja, mwanangu, na kila mpangaji ameonyeshwa Mali."

Khiem alimshika mkono wenye tepu.

"Turudishiane, shangazi. Nakuomba. Nafukuzwa nyumbani. Kweli leo, si maneno."

Bi Tam alimtazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na huruma, lakini si ya kutosha. "Siwezi. Katika yote uliyonieleza siku ile, neno moja tu lilikuwa la kweli, la kubeba wateja. Nimelijaribu. Huyu mle ndani ananipa nyumba ya ghorofa nne." Akarudi kwenye kiyoyozi chake.

Khiem alirudi polepole. Begi lilikuwa mlangoni, limefungwa, na juu yake Thoa ameweka kofia yake ya pikipiki ili asije akawa na sababu ya kurudi. Macho ya Thoa yalikuwa mekundu na hilo lilimchoma Khiem kuliko begi. Alitafuta neno. Alikuwa na maneno ya kuuza injini isiyo na pistoni, lakini la kumwambia huyu mwanamke hakulipata.

"Nimekosa," akasema. Likatoka bila chumvi.

Thoa akamwangalia baba yake.

Mzee Chin alikuwa amesimama mbele ya Nibebe, mikono kiunoni. Hoteli ilikuwa inasubiri. Asipofika leo kazi anapewa mwingine, na kukata bodi kunahitaji fundi wa kuchomelea, na fundi anahitaji fedha, na fedha zilikuwa zinapulizwa baridi kwa Bi Tam. Alilitazama gari, akamtazama mkwe. Akalitazama tumbo la mkwe, lililojengwa kwa miaka sita ya bia na kahawa ya watu.

"Khiem. Una kilo ngapi?"

"Tisini, baba. Na kidogo."

"Panda boneti."

"Baba?"

"Panda."

Khiem akapanda. Pua ya gari ikashuka, taratibu, mpaka magurudumu ya mbele yakagusa lami. Wapakiaji wakapiga makofi. Thoa, ambaye alikuwa ameapa kutocheka mpaka mwaka mpya, akageukia ukutani mabega yanatikisika.

"Utakaa hapo," Mzee Chin akasema, "kwenda na kurudi, mpaka hoteli iishe na ujira wako wa kukaa utoshe kukata hiyo bodi. Ukiteremka kabla, begi lako lipo."

Wakaondoka mwendo wa jeneza. Khiem alikuwa ameshika vipangusio vya kioo, amekaa kumwelekea Mzee Chin aliyeshika usukani, miwani ya jua bado usoni. Watoto wakafuata. Askari wa barabarani alimtazama, akatafakari hilo ni kosa gani, akachoka, akapungia wapite.

Kwenye taa nyekundu mbele ya ua wa Bi Tam wakasimama. Bi Tam alikuwa amesimama kando na mteja wake. Alipoona, alimwomba radhi bwana wa Saigon, akaja na tepu, akaibana kwenye bampa na kuivuta mpaka kwenye goti la Khiem.

"Mekundu!" akatangaza, mtaa mzima ukasikia. "Hapo ulipo, mwanangu, umeangukia Mali, tena katikati kabisa. Usisogee hata kidole."

Taa ikabadilika. Mzee Chin akapiga honi. Na Khiem, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kutulia kwenye kazi moja, hakusogea.